Nakala Yangu, Haiazimwi

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni kwa Bwana Glavu, mimi nimevaa suti ya kuazima, Bibi yangu anashuka garini, na kijasho chembamba kinanitiririka mgongoni kama bomba bovu.

Msomaji mmoja amemwandikia mhariri akitaka nifungwe mara moja, bila kungoja hadithi iishe. Vuta subira, dada. Leo utapata sababu za ziada.

Na kwa mliotumia gazeti la wiki jana kufungia misumari, nakumbusha haraka haraka.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu, na watu wakamwita hivyo hivyo: Mwalimu. Hata Bibi alimwita hivyo. Aliandika kitabu kimoja cha hadithi fupi, watu wakakinyamazia, akafariki. Alipokwisha kuzikwa kikaingizwa kwenye mtihani wa sekondari. Ghafla kila mtu akakumbuka kwamba alimpenda tangu zamani.

Ndipo akatokea Bwana Glavu. Huyu anakusanya vitabu, ila si kama wewe na mimi tunavyovijua. Anataka kitabu kilichokuwa mali ya mwandishi mwenyewe, kilichokaa chumbani kwake, chenye sahihi yake na, Mungu akijalia, doa la chai yake. Mpelekee kitabu hicho hicho kipya kutoka dukani, atakitazama kama umempa leso uliyopengea kamasi.

Nakala ya Mwalimu iliyobaki duniani ni moja, na anayo Bibi. Anaiweka kwenye mkoba wa ngozi juu ya kabati. Miezi yake ya mwisho Mwalimu alipoteza sauti kabisa. Akitaka kumwambia Bibi jambo, aliliandika pembezoni mwa kurasa za kitabu chake, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na kitanda. Maneno yao ya mwisho yote yamo mle, na hakuna mwingine aliyewahi kuyasoma, hata mama yangu. Bwana Glavu alipokuja kukitaka, Bibi alimwambia "hapana" akafunga mlango.

Mimi sikufunga mlango. Nilimfuata mpaka kwenye gari.

Nikamwambia iko nakala ya pili. Nikaokota kitabu hicho hicho, kikuukuu, kwenye stoo ya shule niliyosoma, nikajifunza mwandiko wa Babu kutoka kwenye ripoti za shule za mama ("Anaweza, ila hataki"), nikaandika ukurasa wa kwanza kwa wino wa kuchovya: Nakala yangu. Haiazimwi. Nikaweka na sahihi chini yake. Bwana Glavu alipokiona alitoa machozi. Akaniajiri nimtunzie vitabu vyake, halafu akaamua kukifanyia sherehe. Mgeni wa heshima akawa mjane wa mwandishi.

Kiswahili nacho kina utani wake. Sahihi ni saini, na sahihi ni kitu cha kweli. Yangu ilikuwa ile ya kwanza tu.

Haya, tuingie ndani.

Wageni walikuwa kama arobaini, asubuhi ya saa nne, wamenyunyiza manukato utadhani wanakuja kuchumbia. Kiyoyozi kinapuliza baridi ya mochwari. Vitabu vimelazwa ndani ya makabati ya vioo, kila kimoja kwenye kitambaa cha bluu, kimefunuliwa ukurasa wa sahihi. Ukurasa wa pili hauna mwenyewe. Nilipoanza kazi nilikuta vitabu kumi na vinne ambavyo karatasi zake bado zimeshikana tangu kiwandani. Nikamuuliza Bwana Glavu kama nizitenganishe. Alishika kifua.

"Kijana! Kusoma kunachakaza."

Mama mmoja mwenye mkufu mzito kama mnyororo wa baiskeli akanisogelea.

"Wewe ndiye mjukuu? Una bahati wewe! Nampenda sana babu yako."

"Ahsante, mama. Ulipenda hadithi ipi?"

"Ah, zote. Hasa ile... ile ya mwisho. Nililia siku nzima."

Hadithi ya mwisho ina kurasa mbili na inamhusu mbuzi aliyekula karatasi za mtihani.

Pembeni yake alisimama Mtaalamu. Huyu ni mtaalamu wa miandiko, bwana mwembamba anayening'iniza lenzi shingoni kama filimbi ya mwamuzi. Ndiye aliyekaa na kitabu changu siku mbili, akakipitisha na kukitolea cheti. Cheti kilisema: "Mkono uliotulia, wa mtu mwenye dhamiri safi." Nilikisoma mara tatu. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunisifu vile.

Bibi akaingia. Nikamkimbilia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Hii suti umeivaa au imekuvaa?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka zaidi ya wote, cheko la mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Bwana Glavu akapanda jukwaani. Glavu zake nyeupe za pamba havui, hata akipokea simu. Akapiga kipaza sauti vidole, tup tup.

"Mabibi na mabwana, vitabu vingine husomwa. Hiki, ndugu zangu, kiliishi! Kililala karibu na kichwa cha mwandishi. Kilivuta pumzi yake."

Kusema kweli kilivuta vumbi la stoo na mavi ya panya. Nikapiga makofi.

"Na leo," akaendelea, "yupo mtu mmoja tu duniani anayeujua mkono ule kuliko mtaalamu yeyote. Mama, karibu."

Mtaalamu akakunja uso pale kwenye "kuliko mtaalamu yeyote". Bibi akaongozwa mpaka kwenye kabati la kioo. Akavaa miwani. Akasoma. Akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena, akasoma tena. Maneno yenyewe matatu tu! Mtu anasoma nini muda wote huo?

Kisha akageuka kunitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama unavyotazama sufuria uliyoisahau motoni.

"Mama," Bwana Glavu akauliza kwenye kipaza sauti, "huu ni mkono wa marehemu?"

Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni na rungu lake. Nilipima kwa macho umbali wa dirisha.

"Ndiyo," Bibi akasema. "Ni mkono wake."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Bwana Glavu akafuta machozi kwa glavu. Mtaalamu akainama na kutabasamu kama yeye ndiye aliyemzaa Mwalimu. Mama wa mkufu akalia tena, nadhani kwa ajili ya yule mbuzi.

Garini Bibi hakusema neno. Nikajipa moyo kwamba macho yake yamechoka, hakuona vizuri. Nikaanza hata kupiga mluzi.

Nyumbani akavua viatu, akaketi kwenye kiti chake.

"Nikuletee chai, Bibi?"

"Wewe mtoto, kaa chini."

Bibi akiniita mume wangu, dunia ni salama. Akiniita wewe mtoto, nakumbuka mpaka makosa ya chekechea. Nikakaa.

"Nani kaandika takataka ile?"

"Ipi, Bibi?"

Akavua mtandio, akaukunja taratibu.

"Mimi," nikasema.

"Najua ni wewe. Nilitaka kuona kama utamtaja jirani."

"Lakini umejuaje? Mtaalamu kakaa nacho siku mbili! Na lenzi!"

"Lenzi itamsaidia nini mtu asiyejua Kiswahili? Mwalimu aandike 'haiazimwi'? Mwalimu?"

"Si ndivyo watu wanavyosema? Hata mama amesema siku zote kwamba Babu aliandika haiazimwi."

"Watu! Mwalimu alikuwa watu?" Bibi akapiga paja. "Sikiliza. Nilipokuwa msichana nilimwandikia barua. Nikasema, ile kalamu niliyokuazima utanirudishia lini? Unajua alinijibu nini?"

"Alikurudishia kalamu?"

"Alinirudishia barua yangu. Ameisahihisha kwa wino mwekundu! 'Hukuniazima, uliniazimisha. Anayetoa anaazimisha, anayechukua anaazima.' Pembeni kaniwekea alama, saba kwa kumi. Na mimi, na akili zangu timamu, nikaolewa na mtu huyo."

Nilitaka kucheka. Nikamwona hacheki, nikameza.

Akapanda kwenye kigoda, akaushusha mkoba wa ngozi, akakitoa kitabu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukiona kimefunguliwa. Jalada limeachia, mgongo umeshonwa kwa uzi mweusi wa nguo. Ukurasa wa kwanza, kwa wino uliofifia: Nakala yangu. Haiazimishwi.

Silabi moja tu. Nilijifunza wiki tano kupinda herufi zake, nikachemsha majani ya chai kuichakaza karatasi, nikasahau kumuuliza mwenye lugha.

Bibi akafunua kurasa nyingine, taratibu, bila kunipa nishike. Pembezoni mwandiko ulikuwa umechoka, mistari inapanda na kushuka kama ngazi iliyolegea misumari.

Lete maji.

Zima redio.

Yule daktari hajui kitu, ila usimwambie.

Leo umependeza.

Umelala? Usilale kwanza.

Mimi ni mtu wa mizaha, mnanijua. Nikatafuta mzaha, nikaukosa.

"Sasa kwa nini ulisema ni mkono wake?" nikauliza.

"Ulitaka niseme nini, mlinzi yupo mlangoni? Wakubebe na suti ya watu?" Akafunga kitabu. "Lakini nimemsingizia marehemu. Watoto wa shule watapangwa mstari pale, waambiwe huyu ndiye Mwalimu, hajui kutofautisha kuazima na kuazimisha. Wote aliowachapa kwa neno hilo watamcheka kaburini."

"Wacha wamcheke, Bibi. Hasikii."

"Nasikia mimi."

Kisha akasema alichokuwa amekiamua tangu garini, nadhani.

"Kesho tunakwenda kwa bwana yule. Nitamwambia ile niliyomnyima ndiyo bora zaidi. Nitamwazimisha hii, aiweke kwenye kioo chake miezi mitatu. Ile yako anipe. Ikishaingia mkononi mwangu ni jiko tu. Miezi mitatu ikiisha, yangu inarudi, na hakuna atakayejua ulichofanya."

"Bibi, si imeandikwa haiazimishwi?"

"Aliyeandika nitaelewana naye mwenyewe."

"Na isiporudi?"

Akaupangusa mkoba vumbi ambalo halikuwepo.

"Isiporudi," akasema, "nitakuwa sina hata hilo 'lete maji'."

Sasa nyinyi mnaonisoma mtasema: kijana, hapo ndipo ulipopaswa kupiga magoti, ukaenda peke yako ukakiri, bibi wa watu akabaki na kitabu chake. Kweli kabisa. Ningekuwa na akili hizo, mhariri angekosa cha kuchapisha. Nilichofanya ni kurudisha suti.

Kesho yake saa tano tulikuwa sebuleni kwa Bwana Glavu. Mtaalamu alikuwepo, anamalizia keki za sherehe. Bwana Glavu alipousikia mpango, alizipiga glavu zake makofi.

"Ile uliyoninyima? Kumbe ina maelezo pembeni? Mama, na ulikaa nayo muda wote huu?"

"Nilikaa nayo kwa sababu ni yangu. Na nakuazimisha tu, tuelewane. Unanipa ile, nakupa hii, miezi mitatu inarudi."

"Bila shaka, Mama, bila shaka! Mtaalamu, acha keki."

Mtaalamu akafuta vidole, akakiweka kitabu cha Bibi mezani, na pembeni yake akakiweka changu, kimetolewa kwenye kioo kwa heshima zote kama maiti ya chifu. Akapachika lenzi jichoni. Anatazama hiki, anatazama kile. Anaguna. Anapima herufi kwa rula ndogo. Bibi ameketi ukingoni mwa kochi, mkoba mtupu magotini.

Dakika kama kumi na mbili. Mtaalamu akatoa lenzi.

"Mama, hiki kitabu amekuuzia nani?"

"Kuniuzia? Nimekitoa kwangu."

"Basi pole sana. Umetapeliwa. Ni bandia."

Nilisikia koo langu likifanya sauti ya bata.

"Bandia?" Bibi akasema. "Hiki?"

"Tazama mwandiko unavyotetemeka. Mghushi huandika polepole kwa woga, mkono unacheza. Mkono wa Mwalimu sasa tunaujua, uko hapa kwenye nakala halisi. Umenyooka."

"Alikuwa mgonjwa!"

"Mama yangu, wote husema hivyo. Halafu soma wenyewe ujumbe. Mwandishi mkubwa, peke yake na kitabu chake, angeandika nini pembeni? Fikra! Falsafa! Huyu ameandika..." Akasogeza lenzi, mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko. "Ameandika, 'Lete maji.' Maji, Mama!"

"Alikuwa na kiu," Bibi akasema.

Bwana Glavu akacheka pamoja na Mtaalamu. Nilivyowatazama wale wawili, mmoja ana vitabu elfu mbili hajasoma, mwingine anavisoma kwa jicho moja, niliona aibu kwamba ndio niliowaogopa.

"Na kama hayo hayatoshi," Mtaalamu akasema, "lipo neno. Nakala halisi, ambayo wewe mwenyewe uliithibitisha jana mbele ya watu arobaini, inasema 'haiazimwi'. Hiki kinasema 'haiazimishwi'. Nani anaongea hivyo? Mghushi alijitia ujuzi, akapitiliza."

Nikamwona Bibi anafungua mdomo. Alikuwa nalo jibu. Alikuwa na jibu la kuwazika wote wawili, na lenzi juu yao. Ila jibu lenyewe lilikuwa na jina langu ndani. Akanitazama. Akaufunga mdomo.

"Haya," akasema. "Ni bandia. Nirudishie bandia yangu, niende nyumbani."

Akanyoosha mkono. Bwana Glavu akakivuta kitabu upande wake.

"Samahani, Mama. Sisi wakusanyaji tuna utaratibu wetu. Bandia ikishagunduliwa hairudi mitaani, kesho itamtapeli mwingine. Inagongwa muhuri kila penye maandishi, juu ya maandishi yenyewe, halafu tunaifungia stoo."

"Juu ya maandishi?"

"Yasisomeke tena. Ndiyo maana yake. Kijana, lete muhuri."

Nilikwenda. Miguu ndiyo iliyokwenda, mimi nilibaki pale pale. Muhuri ulikuwa kwenye droo ya chini, mpini wa mbao, uso wa mpira mpana kama kipande cha sabuni, herufi sita: BANDIA. Nikauweka mezani pamoja na kidau cha wino.

"Gonga," Bwana Glavu akasema, akanifunulia ukurasa. "Mtunza vitabu ni wewe."

Ulikuwa ukurasa wa "Leo umependeza".

Ndugu wasomaji, mimi nimesema uongo kwa walimu, kwa wachumba, kwa mama mzazi na kwa konda wa basi. Ulimi haujawahi kunikwama. Siku hiyo nilitaka kusema kweli, ukanigomea kama punda.

"Siwezi," nikasema hatimaye. "Bandia ni ile nyingine. Niliiandika mimi."

Bibi akafumba macho. Nikangoja mlinzi aitwe.

Bwana Glavu akaanza kutikisa kichwa, polepole, macho yamemlegea.

"Umeona, Mtaalamu? Anamkinga bibi yake. Mapenzi gani haya! Inagusa moyo."

"Simkingi mtu! Haki ya Mungu niliandika mimi! Kitabu nilikitoa stoo ya shule, mwandiko nilijifunza kwenye ripoti za mama, karatasi nilizichovya kwenye chai!"

"Wewe?" Mtaalamu akasema. Sasa alikuwa amekasirika, maana cheti kilikuwa cha kwake. "Niliandika kwa mkono wangu kwamba ile ni kazi ya mtu mwenye dhamiri safi. Wewe una dhamiri safi?"

Swali gumu.

"Nipeni kalamu," nikasema.

Wakanipa. Kalamu ya wino ya Bwana Glavu, nzito kama nyundo, na karatasi nyeupe. Hesabu yake ilikuwa rahisi hata kwa mtu aliyepata sifuri ya hesabu. Nikiandika vizuri, mimi ni mghushi na polisi wananihusu, lakini kitabu cha Bibi kinapona. Nikiandika vibaya, mimi ni mjukuu mwema na kitabu kinakwisha.

Kwa mara ya kwanza maishani niliomba nipate jela.

Bibi akainuka, akaja kusimama nyuma ya bega langu. Nilisikia pumzi yake. Nikainama, nikavuta ile N ya Babu yenye mguu mrefu. Nakala yangu. Mkono ulikuwa unatetemeka kama jani. Nikauminya. Nikaandika neno la mwisho, nikaweka na sahihi, nikamsukumia Mtaalamu karatasi.

"Haya! Linganisha na kitabu chenu!"

Akapachika lenzi. Akakitazama kitabu changu. Akatikisa kichwa. Akasogea kwenye kitabu cha Bibi. Akatazama tena, akarudi kwenye karatasi. Tabasamu likaanza kumtambaa usoni, moja baya sana.

"Kijana hakusema uongo," akamwambia Bwana Glavu. "Ni mghushi kweli."

Nikashusha pumzi yote niliyokuwa nayo.

"Ila si wa kile. Wa hiki. Mtetemo ule ule. Na soma neno."

Akaigeuza karatasi nione nilichoandika.

Haiazimishwi.

Mkono wangu mpumbavu! Bibi amesimama nyuma yangu, ukaogopa kukosea. Kwa wiki tano niliandika kosa bila kulijua. Siku moja niliyohitaji kosa, nimeandika bila kosa.

"Mlinzi!" Bwana Glavu akapaza sauti. "Funga geti, piga simu polisi! Bibi na mjukuu, kumbe ni kiwanda!"

"Bibi hahusiki!" nikapiga kelele. "Nishikeni mimi, kitabu kiacheni!"

Hakuna aliyenisikiliza. Mlinzi alishanikamata kola, na Mtaalamu amejipanga mlangoni kana kwamba bibi wa miaka sabini na sita atamruka. Bwana Glavu akaushika muhuri mwenyewe. Akaukandamiza kwenye wino, mara mbili, kwa raha zake. Akafunua kitabu mpaka ukurasa wenye maandishi mengi kuliko yote. Kutoka nilipokuwa nimeshikwa niliweza kusoma mstari wa juu: Umelala? Usilale kwanza.

Bibi akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Mama, toa mkono."

"Wewe si unagonga bandia?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea na mgonjwa. "Jana nilisimama mbele ya watu arobaini nikasema uongo juu ya mume wangu. Hiki kitabu hakijawahi kusema uongo. Bandia ni mimi. Gonga hapa."

"Mama, nakuambia mara ya mwisho. Toa mkono."

Bibi akavitandaza vidole, vyote vitano, mpaka yale maneno yakafichika yote.

"Gonga."

Bwana Glavu akatazama saa ya ukutani, kama mtu aliyechelewa miadi, na muhuri ukaanza kushuka.